Aya Zilizo Ndani ya Mabano: Elimu ya Maandiko ya Kale na Afya ya Nyumbani

Kuuliza si ujinga. Methali hii tuliikariri tangu darasa la kwanza, lakini wengi wetu tukifika mlangoni pa nyumba ya ibada huiacha nje pamoja na mwavuli. Twaogopa kwamba swali litavunja imani, au litamchukiza kiongozi, au litatufanya tuonekane wajeuri mbele ya wazee. Katika makala hii nataka kumweleza msomaji jinsi swali dogo la mama mmoja mzee, asiyeona vizuri, lilivyonitoa nyumbani kwetu kando ya Ziwa Tanganyika, likanipeleka kwa njia ya vitabu hadi jangwa la Sinai, kisha likanirudisha tena mbele ya kabati la dawa.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, ana ugonjwa wa kisukari kwa miaka mingi. Kwa muda mrefu alifuata masharti ya daktari kwa uaminifu: kumeza vidonge asubuhi na jioni, kupima damu, kupunguza wali na vitu vitamu. Mwaka juzi alijiunga na kikundi cha maombi. Watu wa kikundi hicho walimpenda. Walimtembelea, walimtekea maji, walimfulia nguo. Jambo hilo sharti nilitaje, kwa sababu sisi ndugu zake hatukuwa tukilifanya.

Lakini palikuwa na kiongozi mmoja aliyefundisha kwamba mwenye imani ya kweli hatumii dawa za hospitali. Ushahidi wake ulikuwa aya za mwisho za Injili ya Marko, sura ya 16, zinazotaja waumini kushika nyoka, kunywa kitu cha kuua bila kudhurika, na kuwawekea wagonjwa mikono wakapona. Shangazi akavitia vidonge vyake ndani ya bati la biskuti, akaliweka juu ya kabati. Hakumwambia mtu. Tulikuja kujua baada ya kidonda kidogo cha kidole cha mguu kukataa kupona, kikatoa harufu, na homa ikampanda. Hospitalini alikatwa vidole viwili.

Aliporudi nyumbani hakuwa na hasira na mtu yeyote. Alisema tu kwamba bila shaka imani yake ilikuwa ndogo. Maneno hayo yaliniuma kuliko kidonda chenyewe.

Jioni moja aliniomba nimsomee aya zile, kwa kuwa macho yake yamefifia. Nilifungua Biblia ya Kiswahili niliyokuwa nayo, nikaanza kusoma sura ya 16. Nilipofika aya ya 9 nikasita.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" akauliza.

"Naona mabano, shangazi. Aya hizi zimefungwa ndani ya mabano mpaka mwisho wa sura."

"Mabano ya nini?"

Sikuwa na jibu. Mimi ni mtumishi wa serikali, na kabla ya kuingia ofisini nilipata cheti cha ualimu. Nimewafundisha watoto matumizi ya mabano kwa chaki ubaoni. Hata hivyo, sikuweza kumweleza shangazi yangu maana ya mabano yaliyomo katika kitabu ninachokibeba kila Jumapili.

KAZI YA KUNAKILI

Nilimwendea mwinjilisti mmoja mstaafu, mzee aliyesomea theolojia ujanani mwake na ambaye bado ana rafu mbili za vitabu chumbani. Alinikaribisha barazani, akanisikiliza mpaka mwisho. Hakunicheka, wala hakuniambia kwamba mambo hayo ni ya mapadre na wachungaji peke yao. Aliniambia kwamba anayetaka kuwahudumia watu kwa Neno, sharti kwanza ajue Neno hilo limemfikiaje. Kisha akaniazima vitabu, kimoja baada ya kingine, na kila Jumamosi nilirudi kwake na maswali yangu katika daftari. Haya niyaandikayo ni matunda ya Jumamosi hizo.

Kabla ya Johannes Gutenberg wa Ujerumani kupiga chapa Biblia kwa herufi za chuma katika miaka ya 1450, kila kitabu cha Injili kilinakiliwa kwa mkono. Wataalamu walio wengi hukisia kwamba Injili ya Marko iliandikwa karibu na mwaka 70. Kwa hiyo, kwa muda wa karne 14 hivi, watu waliketi na kalamu na wino wakiandika neno baada ya neno, kwanza juu ya mafunjo na baadaye zaidi juu ya ngozi za wanyama. Nakala ile ya kwanza kabisa haipo tena. Zilizotufikia ni nakala za nakala. Kwa Agano Jipya katika Kigiriki peke yake zimehesabiwa hati zaidi ya 5,000, nyingine vitabu vizima, na nyingine vipande vidogo vinavyotosha kiganja cha mkono.

Mtu aliyefanya kazi katika chumba cha majalada hahitaji kufundishwa matatizo ya kunakili. Ofisini nimeona waraka ulionakiliwa mara tano ukapoteza mstari mzima, kwa sababu mistari miwili iliishia kwa neno moja na jicho la mwandishi likaruka. Nimeona pia maoni ya mkubwa, aliyoyaandika pembeni kwa kalamu nyekundu, yakiingizwa ndani ya waraka na mwandishi mwingine kwa nia njema kabisa, akidhani yalisahauliwa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Mikono ya watu ndivyo ilivyo.

Darasani nako kuna somo. Mwalimu anaposahihisha imla, akiona watoto wawili wa dawati moja wamekosea neno lile lile kwa namna ile ile, ajua kwamba mmoja alimchungulia mwenzake. Lakini akiona watoto walioketi pembe mbili za chumba, wasioweza kuchunguliana, wameandika neno lile lile, ana sababu ya kuamini kwamba ndilo neno alilolisoma mwalimu. Wataalamu wa hati za kale hufanya vivyo hivyo. Hawahesabu tu ni nakala ngapi zinasema hivi au vile. Huuliza ni nakala gani iliyo ya kale, ilitoka wapi, na nani alimchungulia nani.

INJILI YA MARKO YAISHIA WAPI?

Sasa turudi kwenye mabano. Katika aya ya 8 ya sura ya 16, wanawake waliokwenda kaburini alfajiri wanakimbia kwa hofu, wala hawamwambii mtu neno. Hapo ndipo Injili hiyo inapokoma katika hati mbili za Kigiriki zilizo miongoni mwa Biblia za kale kuliko zote zilizopo. Zote mbili ziliandikwa katika karne ya 4. Moja yatunzwa katika maktaba ya Vatikani. Ya pili ilikuwa katika monasteri ya Mtakatifu Katarina, chini ya Mlima Sinai, nchini Misri. Mtaalamu wa Kijerumani, Constantin von Tischendorf, aliiona huko, na sehemu yake kubwa ikachukuliwa hadi Urusi. Mwaka 1933 serikali ya Kisovieti iliiuza kwa Waingereza kwa pauni 100,000, na sasa sehemu hiyo imo katika Maktaba ya Uingereza, mjini London.

Jambo hili halikugunduliwa na watu wa siku hizi. Eusebius, aliyekuwa askofu wa Kaisaria katika Palestina mwanzoni mwa karne ya 4, aliandika kwamba katika nakala zilizo sahihi Injili ya Marko huishia pale wanawake walipoogopa. Jerome, aliyeitengeneza Biblia ya Kilatini, alilijua jambo hilo pia, lakini aliziacha aya hizo mahali pake.

Kwa upande mwingine, aya zenyewe si za jana. Irenaeus, askofu wa Lyon katika nchi ambayo leo ni Ufaransa, alizitumia yapata mwaka 180, na hati zilizo nyingi zaidi zinazo. Tena kuna hati moja ya Kilatini, iliyopo Turin nchini Italia, yenye mwisho mwingine mfupi badala yake. Na hati moja ya Kigiriki, iliyopo Washington nchini Marekani, imeongeza maneno mengine baada ya aya ya 14. Nyumba yenye milango ya nyuma ya namna tatu, kila fundi na mlango wake, hutufanya tuulize kama fundi wa kwanza aliujenga hata mmoja.

Kwa sababu hizo wataalamu walio wengi wanaona kwamba aya ya 9 hadi ya 20 ziliongezwa mapema sana na mkono mwingine, ili hadithi isikatike ghafla. Wako wachache wanaotetea kwamba ni za Marko mwenyewe. Kanisa Katoliki lazihesabu kuwa sehemu ya Maandiko Matakatifu, na makanisa mengi ya Kiprotestanti huzisoma vile vile. Mabano, basi, ni sauti ya watafsiri wakimwambia msomaji kwa unyofu kwamba mahali hapa hati za kale hazikubaliani.

MAPACHA WA USKOTI NA BIRIKA

Wanawake wa kurasa hizi watapenda kujua kwamba mmoja wa mashahidi wakubwa katika jambo hili aligunduliwa na wajane wawili. Hadithi yao ndiyo iliyonifurahisha kuliko zote nilizosoma.

Agnes na Margaret Smith walizaliwa mapacha katika mji wa Irvine, Uskoti, mwaka 1843. Mama yao alifariki majuma machache tu baada ya kuwazaa. Baba yao, mwanasheria, aliwalea mwenyewe, na aliwaahidi kwamba kila lugha watakayojifunza atawapeleka katika nchi yake. Wasichana wakajifunza Kifaransa, Kijerumani, Kihispania na Kiitalia. Baba alipofariki, aliwaachia mali nyingi. Wengine wangeitumia kwa karamu na nguo. Wao waliitumia kwa safari na masomo, wakaongeza Kigiriki, Kiebrania na Kiarabu.

Wote wawili waliolewa wakiwa watu wazima, na wote wawili walifiwa na waume zao baada ya miaka michache tu. Margaret alifiwa mwaka 1886, na Agnes mwaka 1891. Wakati huo walikuwa wakikaa Cambridge, Uingereza, mji wa chuo kikuu ambacho hakikuwapa wanawake shahada kamili mpaka mwaka 1948. Hawakuwa na cheo, wala ofisi, wala mwalimu mkuu wa kuwaandikia barua.

Mtaalamu mmoja, J. Rendel Harris, ambaye mwaka 1889 alikuwa amepata kitabu cha kale katika monasteri ile ya Sinai, aliwaambia kwamba humo kuna masanduku ya vitabu vya Kisiria ambavyo hakupata nafasi ya kuvichunguza. Kisiria ni lugha iliyo ndugu wa Kiaramu alichokisema Yesu, nayo ni mojawapo ya lugha za tafsiri za kwanza kabisa za Injili. Agnes, akiwa na majonzi ya ujane, akaanza kujifunza Kisiria. Harris aliwafundisha pia kupiga picha.

Mwaka 1892, wakiwa na umri wa miaka 49, mapacha hao walipanda ngamia kuvuka jangwa hadi Sinai. Kwa kuwa walizungumza Kigiriki cha siku zile, waliweza kukaa na watawa na kuongea nao kama wageni wenye adabu, si kama watu waliokuja kutwaa. Mtawa mtunza maktaba akawaonyesha vitabu. Kimoja kilikuwa kichafu, na kurasa zake zilikuwa zimegandana kwa sababu hazikufunguliwa kwa miaka mingi mno. Agnes akachemsha maji katika birika, akaupitisha mvuke baina ya kurasa, zikaachana moja moja. Mama yeyote aliyewahi kubandua stempu kwenye bahasha kwa mvuke wa birika anaelewa kazi hiyo ilitaka mkono wa namna gani.

Juu ya ngozi ile paliandikwa habari za wanawake watakatifu. Lakini chini ya maandishi hayo Agnes aliona mengine yaliyofifia, ya rangi ya kutu. Zamani ngozi ilikuwa ghali. Kitabu kilichochakaa kilifutwa, na ngozi yake ikaandikwa upya. Juu ya kurasa alitambua majina ya waandishi wa Injili. Wakapiga picha kitabu chote. Katika safari ile picha zao zilifika elfu moja hivi. Kitabu chenyewe wakakiacha mahali pake kwa watawa, na hata leo kiko huko.

Cambridge, wataalamu Robert Bensly na Francis Burkitt walizichunguza picha hizo, wakatambua kwamba maandishi ya chini ni Injili nne katika tafsiri ya Kisiria ya kale sana. Nakala yenyewe iliandikwa mwishoni mwa karne ya 4 au mwanzoni mwa ya 5. Mwaka 1893 wote walirudi Sinai pamoja kuyanakili maandishi, wakitumia dawa yenye harufu mbaya ya kuufufua wino. Safari ile haikukosa ugomvi juu ya nani apewe heshima ya ugunduzi. Bensly alifariki punde tu baada ya kurudi nyumbani. Kazi yao ilichapishwa mwaka 1894, na mwaka uliofuata Agnes akasafiri tena hadi Sinai ili kuzisoma sehemu zilizokuwa zimebaki.

Na katika kitabu kile, Injili ya Marko inaishia aya ya 8 ya sura ya 16, kisha yaanza Injili ya Luka. Msomaji akumbuke mfano wangu wa watoto walioketi pembe mbili za darasa. Hati za Kigiriki na tafsiri ya Kisiria, kila moja na njia yake, zilikoma mahali pamoja.

ELIMU ILIYOGEUKA UTUMISHI

Mapacha hao hawakuisoma Injili ili kuibeza. Walikuwa Wakristo wa kanisa la Kipresbiteri, waendao ibada na wenye kusali. Walitoa kiwanja na fedha nyingi ili chuo cha kuwafunza wachungaji, Westminster College, kijengwe Cambridge. Kilifunguliwa mwaka 1899 na kipo hadi leo. Waliamini kwamba mchungaji asiyejua hati za kale ni kama mwuguzi asiyejua kusoma kibandiko cha chupa. Vyuo vikuu vya St Andrews, Heidelberg na Dublin viliwapa shahada za heshima. Margaret alifariki mwaka 1920, na Agnes mwaka 1926.

Kuna jambo moja zaidi. Mwaka 1896 walirudi kutoka Mashariki wakiwa na vipande vya hati walivyonunua. Walimwonyesha Solomon Schechter, mtaalamu wa Kiyahudi aliyefundisha Cambridge. Yeye alitambua kwamba kipande kimoja ni cha kitabu cha Yoshua bin Sira katika Kiebrania chake cha asili, ambacho kwa karne nyingi kilijulikana hasa kwa tafsiri zake. Kitabu hicho kimo katika Biblia ya Wakatoliki. Nami nilipokifungua ili nione kinasema nini, nilikuta kwamba sura yake ya 38 yawataka watu wamheshimu tabibu na wasizidharau dawa, kwa kuwa vyote viwili vyatoka kwa Mungu. Nilikaa kimya kwa muda. Nilikuwa nimetafuta habari za wajane wa Uskoti, nikapata habari za bati la biskuti la shangazi.

NYOKA WA TENNESSEE

Asije mtu akadhani kwamba mabano haya ni mambo ya maktaba tu. Nchini Marekani, katika milima ya Tennessee na majimbo ya jirani, tangu yapata mwaka 1910 kuna makanisa madogo ambayo waumini hushika nyoka wenye sumu katika ibada, kwa kuzifuata aya hizo hizo. Watu kadhaa wameumwa wakafa, na mwaka 1947 jimbo la Tennessee lilipiga marufuku desturi hiyo. Mhubiri aliyejulikana kuliko wote kwa kuieneza, George Went Hensley, aliumwa na nyoka ibadani huko Florida mwaka 1955, akakataa kutibiwa, akafa.

Sisi tunaposikia habari hizo twatikisa kichwa, twasema hao ni watu wa ajabu. Lakini aya inayotaja nyoka ndiyo hiyo hiyo inayotaja wagonjwa. Anayewacheka wale wa Tennessee, huku nyumbani kwake vidonge vya mgonjwa vimefichwa juu ya kabati, ajitazame katika kioo.

NILIVYOMJIBU SHANGAZI

Siku niliyotaka kwenda kumweleza shangazi, nilimpitia kwanza mwinjilisti wangu. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Mzee aliuona uso wangu, akaniambia, "Mwanangu, nenda kwake na taa, usiende na nyundo. Mama yule amepoteza vidole. Usimpotezee na Biblia yake."

Nilizipunguza hatua. Nilipofika nilimsimulia habari za mapacha kwanza, nikaacha mabano mwisho. Alisikiliza kwa makini, mikono ikiwa mapajani.

"Wote wawili walikuwa wajane?" akauliza.

"Ndiyo, shangazi."

"Na walichemsha birika huko jangwani ili kufungua kitabu?"

"Walichemsha."

Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu atoke hospitali. Kisha akawa na uso mzito. "Basi, mwanangu, niambie kweli. Zile aya ni za uongo?"

Nilimwambia kwamba siwezi kusema hivyo. Ni za kale mno, na Wakristo wa karne ya 2 walizijua. Lakini hati kadhaa zilizo za kale sana hazinazo, na waliotafsiri Biblia yetu hawakutaka kutuficha. Kisha nikamwambia jambo ambalo mwinjilisti alinisisitizia: hata mtu azikubali zote bila mabano, hakuna neno hata moja ndani yake linalomwamuru mgonjwa aache dawa. Zinataja kuwawekea wagonjwa mikono; hazitaji kuwanyang'anya vidonge. Mtume Paulo alimshauri Timotheo atumie divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, na katika barua kwa Wakolosai alimwita Luka tabibu mpendwa. Na Yesu mwenyewe, alipotakiwa ajirushe kutoka juu ya hekalu ili malaika wamdake, alikataa kumjaribu Mungu.

"Kwa hiyo," akasema polepole, "imani yangu haikuwa ndogo?"

"Haikuwa ndogo, shangazi. Uliambiwa jambo lisiloandikwa."

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniomba nilishushe bati kutoka juu ya kabati. Vidonge vilivyokuwemo vilikuwa vimepita muda wake, tukavipeleka zahanati na kupewa vingine. Jioni ile alimeza mbele yangu, akafunga macho, akaomba. Alipomaliza akasema, "Nitameza, na nitaomba. Mungu hakatazi mtu kunywa maji."

Vidole havikurudi, na macho yake hayajawa mapya. Lakini damu yake hupimwa kila mwezi, na kidonda kimefunga. Wanawake wa kikundi wangali wanakuja kumtekea maji, na siku hizi mmoja wao ndiye anayemkumbusha saa ya dawa. Kiongozi yule hatujakubaliana naye bado. Hata hivyo, amekubali tukae pamoja tukiwa na Biblia mkononi, na hilo si haba.

USHAURI KWA WASOMAJI

Ndugu msomaji, si kila mtu aweza kupanda ngamia hadi Sinai, wala si lazima. Lakini kuna mambo matatu ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

Kwanza, tusome pamoja na maelezo yaliyo chini ya ukurasa. Herufi zake ni ndogo, lakini waliyaandika watu walioona shida ili sisi tusione shida. Tukikuta mabano, tuulize maana yake. Na asiyejua aseme sijui, kisha akatafute.

Pili, mtu akitumia aya moja kuamuru jambo linalogusa mwili wa mgonjwa, kunyonyesha kwa mtoto au uzazi wa mama, tusome sura nzima, kisha tusome na mahali pengine, kabla ya kutii.

Tatu, wanaotaka kuhudumu, wawe wachungaji, makatekista, walimu wa dini wa watoto au mama wa vikundi, wasione elimu kuwa ni kiburi. Mapacha wale walianza na lugha moja, wakaongeza nyingine. Mtu aweza kuanza na daftari moja na Jumamosi moja.

Nami tangu mwaka huu nimeanza kujifunza herufi za Kigiriki. Mwalimu wangu ni mwinjilisti yule yule, na darasa letu liko barazani pake. Shangazi huja siku nyingine, huketi kwenye mkeka, akasikiliza. Juma lililopita alitaka kujua neno "nyoka" husemwaje katika Kigiriki. Nilimwambia: ofisi. Alicheka mpaka akashika mbavu, akasema sasa ameelewa kwa nini nimeshinda miaka yote hii nikifanya kazi ndani yake.